Mdomo Unapiga, Mguu Unakimbia

Aliyewahi kupiga tarumbeta huku akitembea anaijua siri ambayo msikilizaji wa kwenye kiti haijui: adui wa kwanza wa muziki ni kisigino. Nilikuwa kidato cha pili, kwenye bendi ya shule, tukijiandaa kwa gwaride la sherehe za Uhuru. Tukiwa tumesimama chini ya mwembe, wimbo ulitoka safi. Tulipoambiwa tuupige tukizunguka uwanja, kila nilipokanyaga mtetemo ulipanda kutoka kisiginoni, ukapita mgongoni na shingoni, ukaishia kwenye kipulizio cha koneti, nacho kikanigonga meno. Sauti ikakatikakatika kama ya abiria anayeongea na simu ndani ya daladala kwenye barabara ya mashimo. Jioni ile nilirudi bwenini mdomo umevimba.

Mwalimu wetu hakuushughulikia mdomo. Alitufundisha kutembea upya: kisigino kitangulie kugusa ardhi bila kishindo, wayo ujiviringishe taratibu hadi vidoleni, kiuno kisipande wala kushuka, kama mama aliyejitwika ndoo ya maji na wala haishiki kwa mkono. Wiki tatu tulitembea bila kupuliza chochote. Tulipopewa tena ala zetu, wimbo ukarudi.

Miaka mingi baadaye, kwenye video, ndipo nilipokutana na vijana ambao jambo lile dogo la uwanja wetu wa shule wamelifanya kazi ya maisha yao ya ujana. Hao ni vijana wa vikosi vya ngoma na matarumbeta vya Marekani, wanaoshindana kila kiangazi chini ya Drum Corps International, shirika linalojulikana kwa kifupi kama DCI. Shindano lao kuu la kwanza lilifanyika mwaka 1972 mjini Whitewater, Wisconsin, na washindi walikuwa Anaheim Kingsmen wa California. Tangu mwaka 2009 fainali zimekuwa zikifanyika Indianapolis, ndani ya uwanja wenye paa uitwao Lucas Oil Stadium, mwezi wa Agosti.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuwaona, nitaeleza kwa mambo ya kwetu. Chukua matarumbeta ya harusi, yale yanayopita mtaani juu ya pikapu bibi harusi akiwa nyuma. Chukua halaiki ya watoto kwenye sherehe za kitaifa, wanapojipanga na kugeuka ua, nyota au maandishi. Kisha chukua gwaride la kimya kimya la wanajeshi wetu, ambalo hakuna anayetoa amri na bado mguu hautofautiani na mguu. Yachanganye yote matatu, uyape dakika zisizozidi 12 kwenye uwanja wa futiboli ya Kimarekani, na uwakabidhi vijana zaidi ya 150 ambao hakuna aliyepita miaka 22. Ala za kupuliza ni za shaba tu, hakuna filimbi wala saksafoni. Ngoma zinabebwa mabegani. Mbele kabisa, karibu na watazamaji, zimepangwa marimba na vibrafoni ambazo hazihami. Pembeni na katikati yao wote wanazunguka wacheza bendera, wakirusha hewani bunduki za mbao na panga, na kuzidaka.

Vijana hawa hawalipwi. Wao ndio wanaolipa, maelfu ya dola kila mmoja, ili wapate nafasi ya kusafiri usiku kwa basi, kulala kwenye sakafu za kumbi za michezo za shule, na kufanya mazoezi juani kutwa nzima. Nalisema hili mapema kwa sababu nitakayoyalaumu huko mbele si makosa yao hata kidogo.

Wahenga wetu walisema mshika mawili moja humponyoka. Mchezo huu wote umejengwa juu ya kuukataa msemo huo. Ndiyo maana ugomvi unaowagawa wapenzi wake hauishi: je, kikosi kihukumiwe kwa sikio au kwa jicho? Wazee wa mchezo wanalalamika kwamba muziki umegeuzwa kijakazi wa maonyesho. Vijana wanajibu kwamba anayetaka muziki mtupu aende kwenye ukumbi wa okestra. Nimewasikiliza wote, na naona wote wanabishania swali ambalo si lenyewe.

Tuanze na alama, maana ndizo zinazoendesha mambo. Jumla ni 100. Kati ya hizo, 40 ni za mvuto wa jumla, yaani namna onyesho lote linavyomgusa mtazamaji. Mwonekano una 30 na muziki una 30. Kwa haraka utasema hapo kuna haki. Lakini zile 30 za muziki zinagawanywa sehemu tatu: matarumbeta, ngoma, na uchambuzi wa muziki kwa ujumla. Kila jaji anatoa alama kati ya 20, zinajumlishwa, kisha zinakatwa nusu. Maana yake ni kwamba upigaji wenyewe wa shaba, ile sauti iliyomtoa mtoto nyumbani akatamani kujiunga, una alama 10 tu katika 100. Na alama 10 kama hizo hizo ni za wacheza bendera, ambao hawapulizi hata noti moja. Siwaonei gere, kumrushia mwenzako upanga hewani naye akaudaka kwenye pigo ni kazi ya miezi. Nasema tu kwamba mkurugenzi wa kikosi anayajua mahesabu haya kuliko mimi na wewe, na anapanga onyesho lake akiwa ameyaweka mezani.

Na mahesabu yanauma kwa sababu tofauti ni ndogo mno. Mwaka 2008 Phantom Regiment wa Rockford, Illinois, walitwaa ubingwa kwa onyesho lao la Spartacus wakiwa na alama 98.125. Blue Devils wa Concord, California, walipata 98.100. Mwaka mzima wa jasho la pande mbili uliamuliwa na sehemu 25 za elfu moja.

Zamani hesabu zilikwenda kinyume. Kikosi kilianza na alama zote, majaji wakaingia uwanjani na kalamu, na kila kosa waliloliona au kulisikia likafyekwa sehemu moja ya kumi. Mguu uliochelewa, sehemu ya kumi. Noti iliyopasuka, sehemu ya kumi. Ukihukumiwa hivyo utakuwa mwoga, na vikosi vilikuwa na woga: mistari iliyonyooka, maumbo yanayolingana kulia na kushoto, muziki usio na hatari. Mfumo huo uliachwa katikati ya miaka ya 1980, na tangu hapo majaji wanajenga alama kutoka chini, wakipima ugumu wa kazi pamoja na usafi wake.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwenye ugumu.

Simama nami uwanjani. Toka mstari wa goli hadi mstari wa goli ni mita 91 hivi. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Wapiga ngoma wakiwa upande mmoja na matuba upande mwingine, mita 70 mbali, ngoma inamfikia mpiga tuba baada ya sehemu mbili za kumi za sekunde. Ni muda mfupi kama kupepesa jicho. Lakini muziki ukienda mapigo 180 kwa dakika, pigo moja ni theluthi ya sekunde tu. Kwa hiyo mpiga tuba anayefuata sikio lake, kama mwanamuziki yeyote mwenye akili angefanya, tayari amechelewa zaidi ya nusu ya pigo. Bendi nzima inageuka vurugu ya watu ambao kila mmoja yuko sahihi pale aliposimama.

Dawa yao ni ya ajabu. Kiongozi wa bendi, aliye juu ya jukwaa mbele, anaitazama miguu ya mpiga ngoma wa katikati na kuigeuza kuwa mikono. Wapuliza shaba wanaitazama mikono ile na kuyafunga masikio yao kwa makusudi. Wale wa marimba wa mbele kabisa wanafanya kinyume: hawamtazami kiongozi, wanaisikiliza ngoma inayotoka nyuma yao na kupiga pale inapowafikia, ili sauti zote zimfikie mtazamaji kwa pamoja. Katika uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kundi moja linaambiwa liamini macho na jingine liamini masikio.

Halafu wapuliza shaba na wapiga ngoma wasogezwe. Kila hatua ya kawaida ni sentimita 57, nane kati ya mstari na mstari unaofuata. Tarumbeta linatupa sauti linakoelekezwa, hivyo kiwiliwili kinabaki kimewageukia watazamaji hata miguu inapokwenda kulia, kushoto au kinyumenyume. Mpiga tuba anabeba kilo 15 hivi begani na anatakiwa apumue kwa mapigo mawili, apulize kwa manane, bila kutweta kwake kusikika. Kila mmoja ana namba zake za mahali pa kusimama kwa kila kituo, na akikosea kwa wayo mmoja, mduara unaonekana kama tairi lililopasuka.

Ndiyo maana nasema swali la sikio au jicho si lenyewe. Kilichoufanya mchezo huu ustahili kuwepo ni kwamba mambo mawili magumu yanafanywa na mwili mmoja katika sekunde moja. Okestra nzuri itawashinda kwa muziki. Kundi zuri la ngoma za kucheza litawashinda kwa miguu. Hakuna awezaye kuwashinda pale ambapo pumzi ile ile inagawanywa kati ya mapafu yanayokimbia na mdomo unaoimba. Mizani ninayoitafuta haipo kwenye karatasi ya jaji. Ipo ndani ya kijana mmoja.

Garfield Cadets wa New Jersey walilielewa hilo. Mwaka 1983, 1984 na 1985 walichukua ubingwa mfululizo, na mbunifu wao wa mwonekano, George Zingali, ndiye aliyewavunjia vikosi vingine mazoea. Badala ya maumbo yaliyosimama wima kama askari wa zamu, aliwapa maumbo yanayopinda, kuyeyuka na kukimbia huku muziki ukiendelea kwa kasi. Wapigaji wake hawakupewa nafasi ya kupumzisha mguu ili mdomo ufanye kazi.

Miaka kumi baadaye ikaja kesi ambayo bado inabishaniwa. Star of Indiana, kikosi cha mji wa Bloomington kilichokwisha kutwaa ubingwa mwaka 1991, kiliingia msimu wa 1993 na muziki wa Samuel Barber na Béla Bartók, muziki mgumu, mkavu, usio na wimbo wa kuondoka nao nyumbani. Miili ya wapigaji ilichezeshwa kama ya wacheza dansi wa jukwaani. Kila kujikunja na kila kunyoosha mkono kulitokana na kitu kilichokuwemo ndani ya muziki. Watazamaji wengi hawakuwaelewa. Cadets waliwashinda kwa sehemu moja ya kumi, 97.4 kwa 97.3, na Star wakaaga mashindano. Waliobaki nyuma ya jina hilo waliunda onyesho la jukwaani la Blast!, lililoanzia London mwaka 1999, likafika Broadway na kupata tuzo ya Tony mwaka 2001.

Nimelitazama onyesho lile la 1993 kwa namna tatu. Kwanza nikiwa nimezima sauti. Kisha nikiwa nimefumba macho. Mwisho, vyote kwa pamoja. Bila sauti nilikaribia kuusikia muziki, maana miili ilikuwa inausema. Nikiwa nimefumba macho nilisikia mwendo. Huo ndio mtihani wangu tangu siku hiyo, na nimeutumia kwa maonyesho mengi. Cavaliers wa Illinois mwaka 2002, kwa onyesho lao la Frameworks, wanaufaulu kwa ukamilifu ambao sijauona tena: muziki wote ulitungwa upya kwa ajili ya onyesho, haukuazimwa popote, na noti na hatua zinasikika kama zimezaliwa tumbo moja. Majaji waliwapa 99.15. Carolina Crown wa mwaka 2013 nao, katika sehemu waliyoutumia muziki wa Philip Glass, wanakimbia na kupuliza hadi mtazamaji anajishika kifua.

Sasa nije kwenye lawama yangu. Mwaka 2004 DCI iliruhusu ala za mbele kukuzwa kwa maikrofoni. Mwaka 2009, mwaka ule ule fainali zilipohamia chini ya paa la Indianapolis, vinanda vya umeme vikaruhusiwa. Sina chuki na umeme. Maikrofoni iliwaokoa wapigaji wa marimba, ambao kabla yake walilazimika kuzigonga mbao kwa vigongo vigumu na kwa nguvu zote ili zisikike, utadhani wanaponda mihogo. Lakini umeme ulifungua mlango mwingine. Besi ya kinanda inaweza kuwekwa chini ya matuba, ikanguruma hadi viti vikatetemeka, na huwezi tena kujua ni kijana gani amepiga na ni swichi gani imepiga. Wapenzi wa mchezo wameupa mngurumo huo jina la dharau linalofanana na kuuita uji mzito. Wana haki.

Lililo baya zaidi ni hili: siku hizi mambo mawili magumu yanatenganishwa kwa ustadi mkubwa. Angalia kwa makini. Kikosi kinapokimbia kwa kasi ya kutisha, wanaopiga ni wale wa mbele wasiohama, au wapuliza shaba wanne waliosogea kwenye maikrofoni na kusimama. Inapofika sehemu ngumu ya shaba, wapigaji wanajipanga safu na kutulia, au wanapanda jukwaa la mapambo na kuyumbisha viwiliwili. Jaji wa muziki anasikia usafi. Jaji wa mwonekano anaona kasi. Kila mmoja anatoa alama kubwa kwa haki kabisa, maana alichopewa akihukumu kilikuwa kizuri. Lakini kile kitendo kimoja, kupiga na kukimbia, hakikutokea.

Sisemi kila kikosi kinafanya hivyo, wala kila dakika. Bluecoats wa Canton, Ohio, walipochukua ubingwa wao wa kwanza mwaka 2016, waliacha kofia za kijeshi, wakaleta majukwaa yenye miteremko, wakatumia umeme bila haya, na bado nilitoka nikiwa nimeshiba kwa masikio na kwa macho. Blue Devils wanashikilia rekodi ya 99.650 waliyoiweka mwaka 2014 kwa onyesho lililotokana na filamu za Federico Fellini. Usafi wao sijui kama binadamu anaweza kuuzidi. Hata hivyo, nikifumba macho kwenye onyesho lile, nasikia vipande vizuri vilivyokatwakatwa, kila kipande kikingoja kitu kingine kionekane kwanza.

Hapa kwetu ugomvi huu si mgeni. Mwishoni mwa karne ya 19, katika miji ya pwani, vijana waliziona bendi za kijeshi za wakoloni na mabaharia, wakazigeuza kuwa ngoma ya beni. Vyama vikazaliwa, Marini na Arinoti, na kule Mombasa Kingi na Skochi, vyenye maafisa, vyeo, sare zilizopigwa pasi na gwaride. Vita Kuu ya Kwanza ikaisambaza beni hadi bara, mikononi mwa askari na wapagazi. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Nao walishindana kwa sauti na kwa kupendeza. Bendi za kijeshi zilizaa mashindano ya raia huku, na zikayazaa Marekani, ambako vyama vya maveterani ndivyo vilivyovilea vikosi vya kwanza baada ya vita hiyo hiyo. Ni ndugu waliotengana kwa bahari.

Hukumu yangu ni kwamba dawa haipo katika kuongeza alama za muziki kutoka 30 kwenda 40, kama wazee wanavyodai. Ukifanya hivyo, wabunifu watawasimamisha vijana kwa muda mrefu zaidi ili noti ziwe safi, na tutakuwa tumepoteza mguu ili kuupata mdomo. Kinachotakiwa ni jaji mmoja ambaye kazi yake ni kumtazama mpigaji mmoja mmoja na kuuliza: unafanya nini kwa miguu wakati noti hii ngumu inatoka? Apewe alama za kutosha kubadilisha mpangilio wa juu. Wakurugenzi wataifuata alama hiyo kama walivyozifuata nyingine zote.

Na wewe msomaji, ukiwa na bando la kutosha mwisho wa wiki hii, itafute Frameworks ya mwaka 2002. Itazame mara ya kwanza bila sauti, mara ya pili ukiwa umefumba macho, mara ya tatu kwa vyote. Kisha tafuta onyesho lolote la miaka hii ya karibuni, na kila shaba zinapopaa, itazame miguu.